Mteja Mwenye Vipepeo Tumboni

Garsen, 4 Septemba 2023

Kwako mwanangu Valary,

Bwana asifiwe. Naomba barua hii ikukute huko Bura ukiwa mzima, vumbi halijakumaliza na wanafunzi hawajakutia wazimu. Sisi huku tu wazima. Baba yako Isaac anakusalimu. Mahindi yake ya kando ya mto yamependeza mwaka huu, ila kuna kiboko naye yamempendeza, kwa hivyo ndugu yangu siku hizi halali, kazi yake ni kupiga debe shambani. Jirani yangu Hodan anasema umemsahau. Hoteli yangu inakwenda vizuri. Abiria wa basi la Lamu wanasifu samaki wangu kabla hata ya kumwonja, kwa harufu tu.

Usishangae nimekuandikia kwa kalamu. Simu yangu imeharibika, mtu akinipigia stendi nzima inasikia, na jambo langu si la stendi nzima. Barua nimempa konda wa basi la Garissa, ataishusha hapo kwenu.

Wewe ni mwalimu wa Kiingereza. Hebu nieleze: mtu akikuambia unamvuta mguu, na wewe hujamgusa, ana maana gani?

Ilikuwa hivi. Kuna mteja anakuja kula mchana. Hajui Kiswahili, basi naongea naye kwa Kiingereza changu cha darasa la nane. Juzi nikamwambia kambare aliyemla alikuwa na ndevu ndefu, na kabla hatujamkata alikohoa kama mzee wa kanisa. Akacheka, akasema, "Mama, unanivuta mguu." Valary, mimi nilikuwa nimesimama mbali, sinia mkononi! Nikasema kwa sauti, "Nani? Mimi sijakugusa!" Wachuuzi wa mbuzi wote wakageuka. Mmoja akainama kuchungulia chini ya meza. Nikakimbilia jikoni, nikajifanya naonja chumvi.

Ni mteja tu. Nauliza ili nisiaibike tena.

Na Martin je? Desemba haiko mbali. Niambie harusi yenu itakuwa na sare ya rangi gani, nianze kutafuta kitambaa.

Shangazi yako,
Asenath


Bura, 19 Septemba 2023

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilipitiliza Bura, ikaenda Garissa kutembea, ikarudi inanuka miraa. Lakini imefika, na nimeicheka hadi Charity, mwalimu mwenzangu wa chumba cha pili, akagonga ukuta kuuliza kama nimepagawa.

Hapa ni salama. Wiki hii maji yamefunguliwa kwenye mfereji, kwa hivyo kila mkulima anatabasamu na kila pikipiki ina matope. Msalimie Baba, mwambie kiboko huyo asimpigie debe peke yake, aishirikishe kwaya.

Sasa mguu wako. Waingereza wakisema unamvuta mtu mguu, wanamaanisha unamtania, unamdanganya kwa mzaha. Hakukusingizia kitu. Ni kama sisi tunavyosema fulani ana mkono wa birika, na hakuna anayetafuta birika. Kwa hivyo mteja wako alikuwa amefurahi, hakuwa amekasirika.

Na mimi nina swali. Wateja ni wengi hapo Garsen. Huyu ana jina?

Martin hajambo.

Mwanao,
Valary


Garsen, 8 Oktoba 2023

Mwanangu Valary,

Salamu kwa jina la Bwana. Leo tumetoka kanisani, mahubiri yalikuwa marefu, na baba yako alisinzia mpaka akapiga debe hewani. Watu wa kiti cha nyuma wakakimbia. Wengine wote hatujambo.

Jina lake ni George. Ni Mzambia. Ameletwa na mradi wa kupima mto: anasimamisha nguzo zenye namba majini, kuanzia huku kwetu hadi Chewele, ili mto ukifura watu wajue mapema. Mke wake alifariki na watoto wake ni watu wazima. Hayo sikumuuliza, aliyasema mwenyewe akingoja chai. Lugha ya kwao ni Kinyanja, na maji wanayaita madzi na mvua mvula, utadhani Mgiriama. Nyama ni nyama. Tumecheka sana.

Lakini Kiingereza chake, mwanangu, kitaniua. Siku moja alitoka mtoni akakaa kitini pu, akasema leo anaweza kula farasi. Nikamwambia kwa heshima kwamba hapa hatupiki farasi. Hodan alikuwa amekuja kuomba kibiriti, nikamtafsiria, akaondoka bila kibiriti. Tangu siku hiyo akimwona George anaangalia kwanza kama punda wake yuko.

Hilo la farasi nililielewa baadaye, nilipoona alivyoimaliza sahani. Lakini hili la juzi sikulielewa. Hoteli ilikuwa imetulia. Nikamuuliza mbona leo huli. Akashika kijiko, akakiweka. Akasema, "Asenath," hakusema mama, "kila nikiingia hapa napata vipepeo tumboni."

Mimi nikashtuka. Nikamwambia, hilo ni jambo dogo, usiogope. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikachuma mwarobaini, nikauchemsha mzito wa kuondoa kila mdudu, nikamletea bilauri nzima. Akaitazama. Akanitazama. Akainywa yote, Valary, bila kupumua, macho yakimtoka machozi. Halafu akasema asante.

Siku ya pili akaja. Nikamuuliza vipepeo wametoka? Akasema, "Wameongezeka."

Nilimpa dawa sahihi au nimekosea?

Na umeniandikia Martin hajambo. Hata mbuzi wa Hodan hajambo. Mimi nauliza harusi.

Shangazi yako,
Asenath

Hiyo leso niliyovaa kwenye picha aliyokutumia baba yako si mpya. Ni kwamba sikuwa naivaa.


Bura, 22 Oktoba 2023

Shangazi yangu, Shangazi yangu, Shangazi yangu!

Shikamoo mara zote nilizowahi kuisahau. Naandika nikiwa nimesimama, kukaa nimeshindwa. Nimemsomea Charity kile kipande cha mwarobaini (nisamehe), akaanguka kitandani, kitanda kikavunjika mguu. Sasa tumekiegemeza kwa tofali.

Hao vipepeo hawatoki kwa mwarobaini. Mtu akiwa na vipepeo tumboni, moyo unamwenda mbio, hana raha, tumbo linamcheza kwa sababu ya jambo kubwa mbele yake. Na jambo kubwa lililokuwa mbele yake lilikuwa limevaa leso ambayo si mpya!

Mwanamume aliyekunywa bilauri nzima ya mwarobaini bila kuuliza sababu, Shangazi, huyo si mteja. Tangu mumeo, marehemu Tuneya, atutoke umekuwa ukitulisha sisi sote, na hakuna aliyekuuliza wewe umekula nini. Nimefurahi hadi nimewapa kidato cha pili alama za bure.

Kuhusu harusi: Desemba haiwezekani tena. Tuyaache hayo. Nitabaki huku Novemba kusimamia mtihani wa kidato cha nne.

Niandikie upesi.

Valary


Garsen, 13 Novemba 2023

Mwanangu Valary,

Bwana asifiwe. Mvua imekuja kwa hasira. Mto umepanda, umeingia mashambani, mahindi ya baba yako yako chini ya maji na kiboko sasa ndiye mwenye shamba. Tumshukuru Mungu, watu wamehama mapema kwa sababu nguzo za George zilionyesha. Isaac yuko hapa kwangu. Hana mahindi lakini ana hamu ya kula.

Umesema tuyaache, nimeyaacha. Lakini sijayasahau.

Sasa nisikilize vizuri, nahitaji akili yako. Wiki iliyopita George aliniambia anataka kuzungumza na ndugu yangu, Jumapili, baada ya ibada. Hakusema ni mazungumzo gani, na mimi sikuuliza, nilipasua tu sahani. Jana Jumapili nikapika pilau. Isaac akavaa koti. Tukangoja. Mchana ukapita, pilau ikapoa, Isaac akavua koti. Jioni ndipo George akatokea mlangoni, ameloa chapachapa, anatetemeka. Hakuingia. Akasema kwamba anaomba radhi, miguu yake imekuwa baridi, atakuja siku nyingine. Akaondoka zake kwenda gesti.

Zamani ningemkimbilia na maji ya moto. Lakini sasa umenifundisha kwamba maneno yao yana chumba cha ndani. Farasi si farasi, vipepeo si vipepeo. Basi sikufanya kitu. Nilisimama tu mlangoni.

Miguu kuwa baridi ina maana gani? Nijibu kwa gari la kwanza, barabara inaanza kuliwa na maji.

Asenath


Bura, 16 Novemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Sina habari nyingi.

Miguu kuwa baridi maana yake ni kwamba mtu amekaribia ndoa akaogopa. Amebadili nia. Wanaume husema hivyo wasipokuwa na ujasiri wa kusema sikutaki.

Muache. Usimngoje, usimpikie, usimuulize kwa nini. Mimi nayajua maneno hayo. Niliambiwa hivyohivyo Aprili.

Valary


Garsen, 1 Desemba 2023

Mwanangu Valary,

Salamu. Barua yako ilikuja na basi la mwisho. Barabara ya Hola imekatika, na hii ninayokuandikia itavuka maji kwa boti kabla ya kupata gari ng'ambo. Baba yako anaendelea vizuri, amenenepa.

Nilikusikiliza. Siku ya pili George alikuja kula. Sufuria zote zilikuwa zinatoa mvuke, watu wanakula. Nikamwambia, "Leo hakuna chakula."

Akatazama sahani ya mtu aliyekuwa karibu naye. "Na hiki?"

"Hicho ni cha watu wenye miguu ya moto."

Nilimwambia kwa Kiingereza kizuri sana, ungejivunia. Akasimama pale kama nguzo yake mwenyewe. Kisha akatoka. Nilifurahi mchana huo wote. Kesho yake hakuja, nikaanza kusikiliza viatu vya kila anayepita. Kesho kutwa yake nikatia chumvi kwenye chai ya wateja.

Basi akaja Molu, yule mfugaji wa Kiorma ambaye huniletea maziwa. Safari hii alikuwa na kibuyu kimoja, akasema si cha kuuza. "Namtafuta Mzambia. Wanasema anakula hapa."

"Wa nini?"

"Jumapili ile maji yalizunguka mbuzi wangu kule chini. Mimi na watoto wangu tulikuwa tunalia tu. Yeye alikuwa anapita kuja mjini, amevaa suruali nzuri ya kanisani. Akaingia majini hadi kifuani, akabeba mbuzi mabegani, akarudi, akabeba tena, hadi jioni. Gambuti zote mbili zikachukuliwa na mto. Alitembea hadi Garsen peku."

Valary, nilikaa chini, pale pale sakafuni.

Nikachukua beseni, chumvi na maji ya moto, nikamwita Hodan twende wote watu wasije wakasema. George alikuwa amelala gesti na homa, nyayo zimepasuka kama tope la kiangazi. Aliponiona akajaribu kuketi.

Nikamuuliza, "Jumapili uliniambia nini kuhusu miguu yako?"

"Kwamba ina baridi."

"Baridi gani?"

Akafikiri sana. "Baridi ya maji," akasema. "Kuna nyingine?"

Nikamweleza ile nyingine. Kwanza aliitazama miguu yake. Halafu akaanza kucheka, akakohoa, akacheka, Hodan naye akacheka ingawa hakuelewa hata neno, nami nikalia na kucheka huku nimeshika mguu wa mtu ndani ya beseni. Sasa amepona nusu, anakula kwangu asubuhi, mchana na jioni. Hasemi chochote kuhusu kuzungumza na Isaac. Na mimi sisemi.

Sikukasirikii hata kidogo. Lakini nataka kujua: nani alikuambia hivyo Aprili?

Shangazi yako,
Asenath


Bura, 12 Desemba 2023

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mtihani umekwisha na mimi nimezingirwa na maji. Charity ameenda kwao kwa njia ya Garissa, nimebaki na kitanda chenye tofali.

Nimesoma barua yako nikitaka kujificha chini ya hicho kitanda. Sikukuuliza hata maneno yake yalikuwaje kwa Kiingereza. Mwalimu mzima! Uliponiandikia miguu baridi, mimi sikusoma habari za George, nilisoma habari za Martin. Ndiye aliyeniambia, Aprili, kwa ujumbe wa simu wa mstari mmoja. Mimi niliyeisomea lugha hiyo chuoni nikajifanya sikuielewa. Nikawa nasema hajambo, hajambo, nikitumaini miguu itapata joto.

Nisamehe. Kidogo nikunyime mtu aliyebeba mbuzi.

Juzi nilimpigia Martin. Nikamwambia kwa Kiswahili, ili pasiwe na chumba cha ndani, kwamba akapashe miguu yake moto kwingine. Nilidhani nitalia. Nilikwenda dukani nikanunua soda, nikainywa juani na shangwe isiyo na sababu.

Kuna jambo lingine. Bwana George alipata namba yangu kwa Baba, akanipigia. Tulizungumza sana. Aliniuliza kitu kuhusu lugha yetu na nikamfundisha. Sitakuambia ni nini hata ukinichapa.

Mwanao,
Valary


Garsen, 27 Desemba 2023

Valary, mtoto mtundu usiye na haya,

Heri ya Krismasi na heri ya mwaka unaokuja. Mto umeanza kushuka. Sote ni wazima, isipokuwa mbavu zinaniuma kwa kucheka, na wa kulaumiwa ni wewe.

Siku ya Krismasi sikufunga hoteli, maana watu waliohamishwa na maji hawakuwa na pa kupikia. Palijaa. Molu alikuja na familia yake, Hodan na yake, kwaya yote, na baba yako kwenye meza ya mbele akiwa na lile koti. George akaingia, amenyolewa, viatu vipya. Hakuketi. Akasimama katikati ya meza, akakohoa, akasema kwa Kiswahili mbele ya wote:

"Asenath. Mimi nataka kupata jiko."

Sasa nielewe, mwanangu. Mimi ni Mswahili wa kusema, nimeusikia msemo huo kwenye kila harusi tangu utotoni: fulani amepata jiko. Lakini kwa miezi yote hii nilikuwa nimechoshwa na maneno ya vyumba vya ndani. Nilikuwa nimejiapia: mtu akisema miguu, ni miguu. Akisema baridi, ni baridi. Nikafikiri, maskini, chakula cha watu kimemchosha, anataka kujipikia huko gesti.

Nikamjibu kwa moyo safi, "La mkaa au la gesi?"

Valary! Kwaya ilikwenda chini kama mahindi. Hodan akajifunika mtandio uso mzima, mabega yakimruka. Molu alikuwa anamtafsiria mkewe kwa Kiorma, akashindwa kumaliza. George hakucheka. Jasho lilimtoka. Akarudia polepole, kama mtoto anayesoma ubaoni: "Nataka kupata jiko. Jiko ni wewe."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikaweka upawa chini, nikajifuta mikono, nikasema, "Mimi si jiko. Mimi ni mwenye jiko."

Akamgeukia Isaac. "Amesemaje?"

Baba yako alisimama. Kiingereza cha Isaac unakijua, kina maneno machache na yote ni ya kilimo. Akamwambia kwamba dada yake anasema yeye si jiko, yeye ndiye mmiliki.

George akafikiri kidogo. Akanigeukia, akavua kofia.

"Basi," akasema, "namwomba mmiliki."

Nilimjibu ndiyo. Nilitaka kulisema neno hilo kwa upole na heshima ya mjane wa umri wangu, lakini lilitoka kwa kelele, na wali nao ukaanza kuungua, nikakimbilia jikoni. Niliporudi na sinia, wali wa rangi ya udongo, hakuna aliyelalamika. Waligombania ukoko.

Mchungaji amesema Jumamosi ya kwanza barabara ikipitika. Wewe usingoje barabara. Panda boti, vaa viatu vya kucheza, na uje.

Mimi shangazi yako, mmiliki,
Asenath